Jioni ya Nyota: Namna ya Kuisoma Biblia, Mashairi na Anga kwa Pamoja

Jioni ya namna hii huharibika kwa njia mbili. Ama msimamizi anaishika aya ya Biblia na kuikamua mpaka itoe fizikia, ama mjuzi wa nyota anangoja shairi limalizike kusomwa ili alisahihishe kama mwalimu wa hesabu. Kosa ni lilelile, kudhani swali ni moja. Maswali ni matatu, na huulizwa kwa zamu. Ninaona nini? Mwandishi amekifanyia nini hiki ninachokiona? Imani inasema nini juu ya aliyekiumba, na juu yangu mimi ninayekitazama?

Mpangilio huo usiugeuze. Ukianza na imani, watu watakurudishia majibu waliyozoea kuyatoa kanisani, na anga litabaki pambo. Ukianza na macho, kila mmoja anayafikia maandishi akiwa na neno lake mwenyewe la kusema.

Maelekezo haya ni ya kikundi cha watu 8 hadi 15, kwa muda wa saa mbili. Wakizidi 15, darubini moja haitoshi. Mtu mmoja huhitaji kama dakika mbili kukipata anachokitafuta na kukitazama, kwa hiyo nusu saa itaishia kwenye foleni.

Kuchagua usiku

Kuna jioni ya mwezi na jioni ya nyota. Usizichanganye, kwa sababu mwanga wa mwezi huzimeza nyota hafifu.

Jioni ya mwezi iwe karibu na robo ya kwanza, kati ya usiku wa 5 na wa 8 tangu mwezi uandame. Wakati huo mwezi uko juu jua linapotua, na huzama karibu na usiku wa manane. Wengi hupendelea mwezi mpevu kwa kuwa unapendeza, na hapo ndipo wanapokosea. Mwezi ukiwa mpevu, jua linaupiga usoni moja kwa moja, vivuli havipo, na milima yake yote inalala kama sahani. Uzuri wa darubini uko kwenye mpaka wa nuru na giza, ambako jua linachomoza au kutua juu ya mwezi na kila ukingo wa shimo unatupa kivuli kirefu.

Jioni ya nyota iwe siku ambazo mwezi haupo, au siku nne kabla na baada yake. Kama unataka makundi ya nyota ya Kilimia na Orioni, ambayo ndiyo tunayoyapendekeza kwa mara ya kwanza, chagua jioni za Desemba hadi Machi.

Vifaa

Darubini ya macho mawili ya 10x50 inatosha kabisa. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukuzaji ukipita mara 10, mtetemo wa mkono unaufanya mwezi ucheze, na anayetazama atalaumu macho yake bure. Aegemee ukuta, au aketi na kuweka viwiko magotini.

Maandishi yachapwe kwa herufi kubwa, angalau pointi 16, upande mmoja wa karatasi. Yasomwe kwa tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu ya plastiki, tabaka mbili au tatu, kwa kuwa macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza na mwanga mwekundu hauyarudishi nyuma sana. Simu ikifunguliwa kwa sekunde chache tu, kazi hiyo inaanza upya. Jambo dogo linalowaponyoka wengi ni kwamba chochote ulichokipigia mstari kwa kalamu nyekundu hakitaonekana chini ya mwanga mwekundu. Tumia penseli.

Zile dakika 20 za kuzoea giza usizijaze maelezo. Ndio wakati wa Zaburi ya 19, isomwe kwa kichwa bila taa. Mzaburi anasema mbingu zinahubiri, kisha mara moja anasema hazina lugha wala maneno, na tena sauti yao imeenea duniani mwote. Acha mgongano huo ubaki hewani. Baada ya mstari wa 6 zaburi inaliacha anga ghafla na kuingia kwenye sheria ya Bwana. Muulize mmoja wao kwa nini, lakini baadaye, si sasa.

Kilimia na Orioni

Tafuta kwanza nyota tatu zilizopangana mstari, karibu karibu na zenye mng'ao unaokaribiana. Huo ndio mshipi wa Orioni. Ufuate mstari wa mshipi upande mmoja utafika Sirius, nyota ing'aayo kuliko zote za usiku. Ufuate upande wa pili utapita karibu na Aldebaran, nyota yenye wekundu, na ukiendelea utakikuta Kilimia, kifungu kidogo kama ukungu wenye vitone.

Kila mtu ahesabu nyota za Kilimia kwa macho matupu na kuandika namba bila kumwonyesha jirani. Wengi huona 6, wenye macho makali chini ya giza totoro huona zaidi. Kisha wapokezane darubini. Zinatokea kwa makumi.

Sasa ndipo isomwe Ayubu 38, kuanzia mstari wa 4 hadi wa 38. Tumia wasomaji wawili. Ushairi wa Kiebrania huenda kwa mistari pacha, wa pili ukiurudia wa kwanza kwa sura nyingine. Msomaji wa kwanza asome nusu ya kwanza, wa pili aidake nusu ya pili bila kutua. Wakitua kati ya nusu hizo, muziki unakufa na sura nzima inakuwa orodha ya maswali ya mtihani.

Mstari wa 31 ndio unaowahusu hawa walio juu yenu: je, Ayubu anaweza kukifunga Kilimia, au kuvilegeza vifungo vya Orioni? Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walikuwa na bahati hapa. Neno la Kiebrania ni *Kima*, na Kiswahili tayari kilikuwa na jina la kundi hilohilo, lililotoka kwenye kulima, pamoja na msemo wake: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Orioni kwa Kiebrania ni *Kesil*, neno ambalo pia ni mpumbavu. Anayelijua hilo huisikia aya kwa sikio jingine: lile jitu kubwa lililofungwa angani ni mpumbavu mwenye nguvu.

Hapa jiandae, maana kuna hoja inayozunguka sana. Watasema nyota za Kilimia zimefungwa pamoja na nguvu ya uvutano, ilhali za Orioni zinaachana, basi Ayubu aliijua sayansi kabla ya wanasayansi. Usiwacheke, ila waonyeshe nyufa. Kilimia kiko kama miaka ya nuru 440 kutoka kwetu, na ni kweli uvutano unakishika, lakini kwa ulegevu. Wanaanga wanakadiria kitasambaratika baada ya miaka kama milioni 250 hivi. Kwa hiyo hata mnyororo wa Kilimia unafunguka. Kubwa zaidi, hoja hiyo inaigeuza aya iseme kinyume cha inachosema. Katika sura nzima Mungu anauliza “waweza?” na jibu linalotakiwa ni “siwezi.” Anayetoka hapo akijivunia kwamba kitabu chake kiliwatangulia wanaanga amejibu swali ambalo halikuulizwa.

Mfano wa kumpa ni wa Georges Lemaître, padri Mkatoliki kutoka Ubelgiji, aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akapendekeza ulianza kwa kitu kimoja kilichosongamana. Mwaka 1951 Papa Pius XII alitoa hotuba iliyoelekea kuikumbatia nadharia hiyo kama ushuhuda wa uumbaji. Lemaître, padri kamili, hakufurahia. Msimamo wake ulikuwa kwamba nadharia ya fizikia isimame au ianguke kwa vipimo, na imani isiegemezwe juu yake.

Vioo vitatu vya Dante

Hili ndilo zoezi tunalolipenda kuliko yote, na linafaa hata mbingu zikifunga mawingu kwa kuwa hufanyika ndani.

Katika *Divina Commedia*, utenzi wa mshairi Mwitaliano Dante, sehemu ya Paradiso, wimbo wa pili, msafiri amefika mbingu ya Mwezi na anauliza yale madoadoa meusi ni nini. Yeye anadhani ni sehemu ambazo mwili wa mwezi ni mwepesi. Beatrice, anayemwongoza, anamkatalia, na kumwambia ajaribu kwa macho yake: achukue vioo vitatu, viwili vikae mbali sawasawa, cha tatu kati yake lakini mbali zaidi, na taa iwe nyuma ya mgongo wake. Shairi la safari ya peponi linasimama ili kutoa maelekezo ya maabara.

Fanyeni kama alivyosema:

Chumba kiwe na giza na urefu wa mita 6 au zaidi. Mtazamaji aketi kwenye kigoda. Vioo viwili viwekwe mita 2 mbele yake, kimoja kulia na kimoja kushoto, kila kimoja sentimita 50 kutoka mstari wa katikati. Kioo cha tatu kiwe katikati, mita 4 mbele. Vyote viwe bapa, vya aina moja, sentimita 15 au zaidi kwa upana. Taa iwe mita 1 nyuma ya mtazamaji, sentimita 50 juu ya kichwa chake. Msaidizi akigeuze kila kioo, akikiinamisha nyuma kidogo, mpaka mtazamaji auone mwanga wa taa katikati yake.

Taa yenyewe iwe tufe la kioo cheupe kisichoonyesha ndani, au balbu ndani ya kifuniko cha karatasi ya mviringo, kipenyo sentimita 10. Kwa vipimo hivi, picha ya taa katika vioo vya karibu ni kama iko mita 5 mbali, na katika kioo cha mbali ni mita 9. Kwa mita 9, tufe la sentimita 10 linaonekana kubwa kidogo tu kuliko mwezi angani. Dante hakutoa vipimo, lakini hivi vinampendeza.

Kinachotakiwa kuonekana ni kwamba picha ya mbali ni ndogo, nusu na zaidi kidogo ya zile za karibu kwa upana, lakini weupe wake ni uleule. Kama watu wanabishana, toboa tundu la milimita 3 kwenye kadibodi, mtazamaji aishike kwa urefu wa mkono na kutazama kipande tu cha kila mwanga. Ukubwa ukiondolewa, ubishi huisha.

Likishindikana, sababu huwa moja kati ya hizi. Kichwa cha mtazamaji kinaziba taa, basi inua taa. Umetumia tochi, ambayo hurusha mwanga upande mmoja, kwa hiyo kioo kilicho nje ya njia yake kinaonekana hafifu. Taa ni ndogo mno na katika kioo cha mbali imekuwa nukta, na jicho haliwezi kutenganisha udogo wa nukta na uhafifu wake, kwa hiyo wote watasema ya mbali imefifia. Au kioo kimoja ni kikuukuu. Badilisha nafasi ya vioo uone kama uhafifu unahama nacho.

Hoja ya Beatrice sasa iko wazi. Kama madoa yangekuwa mahali ambapo nuru inazama ndani zaidi kabla ya kurudishwa, yasingekuwa na giza kwa sababu hiyo peke yake. Ni hoja safi, na imejengwa juu ya jaribio. Lakini mwezi si kioo. Madoa ni tambarare za mwamba wa basalti, lava ambayo kwa sehemu kubwa ilifurika na kuganda zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita, na basalti hurudisha nuru kidogo kuliko miamba ya nyanda za juu. Beatrice anahitimisha kwamba tofauti ni ya asili, si ya wingi: kila sehemu ya mbingu imepokea uwezo wake kwa namna yake, kama furaha inavyong'aa katika mboni ya jicho. Kwa habari ya asili tofauti, amekaribia kuliko msafiri.

Swali la kuwaachia ni hili: fizikia ya zama zile ikiondolewa, ile sura ya nuru moja inayopokelewa kwa vipimo tofauti inaanguka nayo au inabaki? Wape dakika 15. Msimamizi asitoe jibu lake. Akilitoa, mazungumzo yamekwisha.

Mawingu yakifunguka, tokeni na darubini. Hapo ni mahali pa Milton, mshairi Mwingereza aliyemtembelea mwanaanga Galileo huko Italia, na ambaye katika *Paradise Lost*, 1667, anaifananisha ngao ya Shetani na mwezi unaotazamwa kwa darubini ya fundi wa Toscana, yaani Galileo. Msomaji awe na mwezi machoni wakati mistari hiyo inasomwa. Wengi hushtuka kugundua kwamba chombo kipya cha sayansi kimeingia kwenye utenzi wa Kikristo kwa mlango wa Shetani. Je, Milton anakishuku chombo, au anatupimia tu ukubwa wa ngao? Tunaelekea kwenye la pili, ingawa lile la kwanza si la kutupwa.

Imeumbwa kwa nini, na ni nini

Kuna mazungumzo mafupi katika *The Voyage of the Dawn Treader*, riwaya ya C. S. Lewis, 1952, yanayofaa kusomwa mtu akiinua mkono na kusema nyota ni gesi tu. Mvulana Eustace anamwambia Ramandu, nyota iliyostaafu, kwamba katika ulimwengu anakotoka yeye nyota ni tufe kubwa la gesi inayowaka. Ramandu anamjibu kwamba hata huko, hicho ndicho nyota inachoumbwa kwacho, sicho nyota yenyewe.

Onyo moja. Jibu hilo lina maana kwa sababu tu habari ya gesi ni kweli. Jua, kwa mfano, ni haidrojeni karibu robo tatu ya uzito wake, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni heliamu. Anayelitumia jibu la Ramandu kukwepa kujifunza nyota imeumbwa kwa nini hajamsoma Ramandu vizuri.

Nyota ya Bethlehemu

Mtaulizwa tu, hivyo jiandaeni, lakini ipewe dakika 25, isizidi. Ikiachwa itaula usiku wote.

Someni Mathayo 2 na muorodheshe anachosema tu: Mamajusi waliiona, iliwatangulia, ikasimama juu ya mahali alipokuwa mtoto. Ngamia na idadi ya wafalme havimo. Kisha fungueni Stellarium, programu ya kuonyesha anga, kwenye kompyuta, muweke mahali Yerusalemu na mwaka -6. Hapo ndipo wengi hupotea. Programu ina mwaka 0, kalenda ya kawaida haina, kwa hiyo mwaka 7 kabla ya Kristo huandikwa -6. Mkiandika -7 hamtaona kitu cha kusimulia.

Tazameni sayari za Mshtarii na Zohali zikikaribiana mara tatu mwaka huo, Mei, mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na tena Desemba. Kepler, aliyesomea teolojia kabla ya kuwa mwanaanga, ndiye aliyeupa umaarufu mkutano huo katika mjadala wa nyota hii. Pimeni umbali kati yao: ni karibu nyuzi 1, mara mbili ya upana wa mwezi. Hazikuonekana kamwe kama nyota moja. Linganisheni na tarehe 21 Desemba 2020, sayari hizohizo zilipokaribiana kwa sehemu ya kumi ya nyuzi.

Wengine watataja nyota yenye mkia iliyoandikwa na Wachina mwaka 5 kabla ya Kristo, iliyoonekana zaidi ya siku 70. Hata hiyo haisimami juu ya nyumba. Mathayo anasimulia jambo ambalo hakuna kitu cha angani kinachojulikana hulifanya, na msimamizi mwaminifu huwaambia watu hivyo kabla hajawaonyesha sayari.

Kuandika

Kabla ya kuagana, kila mtu aandike mistari 6 hadi 8. Sharti ni moja, kuwe na kitu kimoja alichokiona usiku huo kwa macho yake, kwa usahihi. Nyota ing'aayo kama almasi hairuhusiwi, kwa kuwa hakuna aliyeiona. Nyota ya Kilimia aliyoiona alipotazama pembeni na kuipoteza alipoikodolea macho, hiyo inafaa, tena ni kweli, kwa sababu pembeni mwa jicho huona vitu hafifu vizuri kuliko katikati.

Makosa ya kuangalia unapozipitia kazi zao ni machache na hurudi kila mara. Hilali changa ikichomoza usiku wa manane: haiwezi, huzama muda mfupi baada ya jua, na hilali ya mwisho wa mwezi huonekana kabla ya alfajiri. Mwezi mpevu ukiwa juu kichwani wakati wa machweo: haiwezi, hapo ndipo unapochomoza. Mwaka wa nuru ukitumika kama muda: ni umbali. Nyota ikimeremeta katikati ya pembe za hilali: sehemu ile nyeusi ni mwezi wenyewe, na nyota haiwezi kuonekana mbele yake.

Hili la mwisho usilikate haraka. Coleridge, mshairi Mwingereza, katika shairi lake la baharia mzee aliiweka nyota pale pale, ndani ya ncha ya chini ya mwezi wenye pembe, na mara mabaharia wanaanza kufa mmoja mmoja. Anga limevunja kanuni yake na msomaji anajua kuna jambo. Kwa hiyo ukiikuta nyota ndani ya hilali, muulize aliyeandika kama ameiweka au imemponyoka. Kama imemponyoka, airudie. Kama ameiweka, muulize nani anakufa katika mstari unaofuata.